Safi Bila Lakini

Mimi kazi yangu ni kuficha. Wenyewe wanaiita kupiga rangi, na kwenye kibao cha gereji bosi ameandika kwa herufi kubwa "Bodi na Rangi", lakini ukweli ndio huo. Gari linaletwa limebonyea kama kopo la maziwa. Shemeji yangu analigonga mpaka linyooke, mimi napaka puti ya kuziba mabonde, napiga msasa, napuliza rangi, nang'arisha. Ukija keshokutwa utadhani limetoka dukani. Ukiniuliza, "Fundi, hili limewahi kugongwa?" nakuangalia usoni nakujibu, "Safi kabisa." Neno hilo nimelisema kwa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo mtu akija kuniambia kwamba mimi ni safi, mnisamehe, siamini upesi.

Gereji nzima wananiita Jicho. Wengine siku hizi wanachanganya rangi kwa kompyuta. Mimi naangalia mlango, naangalia kopo, naongeza tone la hiki na tone la kile, basi, rangi imekubali. Shemeji, kaka yake mke wangu, ndiye mnyoosha bodi, na tunamwita Nyundo. Mdomo wake nao ni nyundo vilevile. Hajawahi kunisalimia bila tusi, na hili jino langu la chuma, la juu kushoto, lilitokana na yeye kufyatua mlango wa nyuma wa gari bila kuangalia nani ameinama.

Jumanne moja asubuhi nilikuwa natafuta nyekundu ya fenda. Jicho la kushoto lilikuwa likiniuma tangu juzi yake, hasa nikilizungusha. Mimi nina desturi ya kupima rangi kwa jicho moja moja, kwa sababu macho mawili yakikaa pamoja yanapendeleana. Nikafumba la kulia. Nyekundu ikapauka, kama shati lililofuliwa mara mia. Nikafumba la kushoto, nyekundu ikarudi.

"Nyundo," nikaita, "kopo hili umelimwagia nini?"

"Akili," akasema. "Niliona huna."

Nilimnunia siku nzima nikiamini kweli amenichezea rangi. Alhamisi ukungu ulikuwa umenikaa katikati ya jicho, nikimtazama mtu namwona masikio bila pua. Hapo nikajua si Nyundo.

Daktari wa macho alinipeleka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mama mmoja mpole mwenye miwani myembamba. Alichukua kifuniko chekundu cha chupa akakishika mbele yangu, jicho hili, kisha lile.

"Ni rangi gani?"

"Nyekundu ipi unataka, daktari? Ziko arobaini."

Akacheka, lakini aliandika. Akaniambia mshipa wa jicho umevimba. Akanieleza pia, polepole, kwamba mara nyingine jicho la namna hii ndiyo hodi ya ugonjwa mwingine, uitwao MS, ambao kinga ya mwili inakula utando unaofunika mishipa ya fahamu, kwenye ubongo na uti wa mgongo. Nikamuuliza kama ni kama waya wa gari uliochubuka plastiki. Akasema ndiyo, hasa hivyo. Mtu anaweza kupoteza miguu, mikono, au jicho la pili. Nitapewa dripu siku tatu, na nitapigwa picha za MRI tuone kama kuna makovu ndani.

Jicho la pili. Niliogopa, na sioni haya kusema. Nina mabinti wawili shuleni na sijui kazi nyingine duniani. Jicho bila macho ni nani?

Kwenye chumba cha picha, dada mmoja mwenye koti jeupe alinikalisha na karatasi ya maswali. Una chuma mwilini? Jino tu. Umewahi kuingiwa na chembe ya chuma jichoni? Hapana. Akainua kichwa.

"Kazi yako nini?"

"Gereji."

"Basi umewahi."

"Dada, nimesema hapana."

"Watu wa gereji wote husema hapana. Humo ndani ni sumaku, na chembe ikihama itakupasua jicho. Tunapiga eksirei ya macho kwanza."

Nikafura. Mtu mzima natoa jibu langu, naambiwa litapigwa eksirei! Kisha akanitazama vizuri, uso ukamfunguka.

"Ala! Fundi! Si wewe uliyekuwepo niliponunua lile gari la bluu?"

Ningepata shimo ningejitosa. Aliyeuza ni bosi. Mimi nilisema neno moja tu, na nyinyi mnalijua. Gari lile dogo lilikuja kwetu limekula ukuta. Mbele kushoto chuma cha chasisi kilikuwa kimevunjika, Nyundo akakichomelea, mimi nikakifunika.

"Linaenda vizuri ajabu," akasema. "Kila Jumamosi nampeleka mama kliniki nalo."

"Nafurahi kusikia," nikasema.

Eksirei haikuona chembe, wakaniingiza. Mashine ile inagonga kama Nyundo siku aliyonyimwa chai. Nililala humo kichwa kimefungwa kwenye kikapu cha plastiki, nikiwaza: mwanamke huyu anajua. Lazima anajua. Lile tabasamu si la bure. Na mimi nimejilaza mbele yake kama samaki kwenye sahani, afanye atakavyo.

Wiki iliyofuata tulikwenda kuchukua majibu, mimi na mke wangu. Jicho lilikuwa limeanza kufunguka.

"Picha ni safi," daktari akasema. "Ubongo na uti wa mgongo, hakuna doa hata moja. Ni habari njema."

Neno hilohilo. Neno langu la gereji.

"Kwa hiyo sina huo ugonjwa?"

"Leo siwezi kusema unao. Na nafasi ya kuupata mbele ni ndogo kuliko kama tungeona madoa. Lakini si sifuri."

"Ndogo kiasi gani?"

"Kuna watu walioumwa jicho kama wewe, wakafuatiliwa miaka kumi na mitano. Katika kila mia waliokuwa na picha safi, kama ishirini na watano waliupata. Sabini na watano hawakuupata. Wale waliokuwa na doa, hata moja, ni zaidi ya sabini walioupata. Unaona tofauti?"

Sikuona tofauti. Niliona watu ishirini na watano wamejipanga kwenye benchi la nje na nafasi moja imeachwa wazi. Nikasema asante nikatoka. Rohoni nilikuwa nasema: huyu ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Safi gani hiyo inayotembea na lakini? Mimi nikisema safi, nimesema safi, neno la pili huongezewi.

Mlangoni nikageuka. Mke wangu alikuwa amebaki ndani, anamnong'oneza daktari. Waliponiona wakanyamaza.

Haya, sasa nisikilizeni mnihukumu. Bahasha ya picha tulifika nayo nyumbani, na kabla sijavua viatu mke wangu alikuwa ameiweka kwenye sanduku, juu kabisa ya kabati. Nikaingia na viatu vya gereji hadi kwenye zulia. Hakusema kitu! Zulia lile limetugombanisha miaka kumi. Mezani nikapewa finyango ya nyama kubwa kuliko zote. Na kesho yake kazini, Nyundo alinipokea makopo mkononi akasema, "Umeamkaje, shemeji?"

Umeamkaje, shemeji. Hapo ndipo nilipojua nakufa.

Wiki mbili nililala na jambo hilo na kuamka nalo. Kila asubuhi nilipima nyekundu kwa jicho moja moja. La kushoto lilirudi karibu lote, ila nyekundu ilibaki imechoka kidogo. Mguu ukinifa ganzi chooni, moyo unanipasuka. Nikiangusha bisibisi, nahesabu. Nyundo akinicheka nalaumu, akininyamazia nalaumu zaidi.

Siku moja mke wangu alipotoka, nikapanda kiti nikashusha sanduku. Nikabandika picha kwenye kioo cha dirisha. Jamani! Mabonge mawili meupe, ya mviringo, makubwa kama maharage, na mengine madogo madogo. Kwenye picha nyingine, upande wa taya, doa jeusi limesambaa kama oili. Juu pameandikwa jina langu, sawa, lakini jina ni kibandiko tu. Mimi mwenyewe nimebandua na kubandika vibandiko kwenye magari mpaka vidole vimeota sugu. Kwa hiyo ni moja kati ya mawili: ama hizi ni zangu na nimedanganywa, ama zangu amepewa mtu mwingine na yeye sasa analia badala yangu.

Mke wangu akanikuta hapo hapo dirishani.

"Mama watoto," nikasema, "niambie ukweli. Ulimnong'oneza nini daktari?"

Akaweka kapu chini. "Nilimuuliza kama hizi hasira zako ni za ugonjwa au ni zako mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Akasema ni zako."

"Na bahasha kufichwa juu ya kabati?"

"Ile ya kwanza, ya eksirei, uliiwekea kikombe cha chai. Umesahau?"

"Na Nyundo?"

"Nilimwomba kaka asikutukane mpaka upone. Anateseka, maskini. Anakuja kwangu kuyatolea matusi hapa."

Nilitaka kucheka, lakini shaka ilikuwa haijanitoka. "Maneno matamu hayo. Nitajuaje kama ni kweli?"

Hapo alibadilika. Macho yalimlengalenga, na sauti aliyoitoa sikuizoea.

"Nimekuambia ukweli, daktari amekuambia ukweli, na bado. Unajua kwa nini humwamini mtu? Kawaulize walionunua magari."

Akachukua kapu lake akaingia jikoni. Maneno yale yaliniuma kuliko dripu, na kwa kuwa yaliniuma nikakasirika, na kwa kuwa nilikasirika kesho yake, Alhamisi, nikaenda hospitali asubuhi mapema kumnasa yule dada wa picha.

Alikuwa anatandika shuka jipya kwenye kitanda cha mashine.

"Dada, nionyeshe picha zangu. Zile za ndani ya kompyuta, si za kwenye bahasha."

"Kuna nini, fundi?"

"Nataka kujua kama ni zangu."

Hakukasirika. Aliangalia saa, akasema ana dakika kumi, akanivutia kiti. Picha zikaja kwenye skrini, moja baada ya nyingine, kama mtu anakata kabichi vipande vyembamba.

"Kwanza uelewe, mimi napiga tu. Kusoma anasoma daktari wa picha, na hizi zako zilisomwa mara mbili. Lakini kama ni zako, hilo naweza kula kiapo. Unaona huu weusi hapa tayani?"

"Ndiyo doa lenyewe!"

"Fungua mdomo." Nikafungua. Akagusa kwa kalamu jino langu la chuma. "Chuma kinaharibu picha pale kilipo. Wiki ile yote nilipiga watu thelathini, na mwenye jino la chuma juu kushoto alikuwa mmoja."

Nyundo, mjinga wewe, nikawaza, umenipa kitambulisho.

"Na haya mabonge meupe mawili?"

"Macho yako, fundi. Yenyewe. Maji ya ndani ya jicho yanatoka meupe. Na haya madogo ni mafuta ya nyuma ya jicho."

Wiki mbili nimekuwa nikiogopa macho yangu mwenyewe.

"Sasa niambie," nikasema, na safari hii sikuwa namtega, nilikuwa namwomba. "Daktari alisema safi, halafu akasema lakini. Safi maana yake nini?"

"Maana yake siku ile, kwa mashine hii, hatukuona kovu. Ni jambo kubwa hilo, usilidharau. Wengi wanaotoka hapa wangetamani karatasi yako. Lakini si ahadi. Mwili unaweza kuanza kitu baadaye, au kukawa na kitu kidogo ambacho mashine haikioni. Ndiyo maana una miadi ya miezi sita. Na miguu ikikufa ganzi siku mbili mfululizo, au jicho likirudia, usingoje miadi."

"Mbona hamsemi tu safi, mtu akalale?"

Akacheka. "Kama wewe, eh? Nilikuuliza la gari, ukaniangalia usoni ukasema safi kabisa. Nikalala usingizi mzuri, nakwambia."

Alisema kwa wema kabisa. Hakuwa na kisasi, hakuwa na mtego, hakuwa anajua lolote. Wiki zote zile nilizomwona nyoka, mwanamke huyu alikuwa ananishukuru.

"Jumamosi," nikasema, "mama yako anakaa kiti gani?"

"Mbele, pembeni yangu. Kwa nini?"

"Usimpeleke. Usimpeleke na lile gari."

Nikamwambia yote. Ukuta, chasisi iliyovunjika, Nyundo kuchomelea, puti yangu, rangi yangu, neno langu. Sikumsingizia bosi. Alikuwa ameshika kalamu ile ile aliyonigusia jino, na aliishika hivyo mpaka nikamaliza. Nje wakamwita, mgonjwa anayefuata amefika.

"Natoka zamu saa tisa," akasema. Hakuniita fundi.

Saa tisa na nusu gari la bluu liliingia gereji. Nililipandisha kwenye jeki mwenyewe, nikatoa tairi ya mbele kushoto, nikachukua msasa. Nyundo alikuja mbio. "Wewe mbwa, unafanya nini?" akasema, na ilikuwa faraja kusikia tusi. Kisha akamwona dada amesimama pale na mkoba wake, akameza tusi lililofuata. Bosi akatoka ofisini, akatazama gari, akanitazama mimi, akarudi ndani akafunga mlango. Nilijua maana yake: kazi yangu sasa iko mashakani. Nikaendelea kukwangua.

Kazi yangu ilikuwa nzuri, lazima niseme. Rangi ya juu haikuwa na hata mkwaruzo. Chini yake puti, chini ya puti rangi ya msingi ya wekundu wa matofali, na kwenye ukingo wa pale palipochomelewa nikaona mstari. Kutu nayo ni nyekundu ya matofali. Nikafumba la kulia, mstari ukapotea wote. Nikafumba la kushoto, ukarudi, lakini sikuwa na uhakika tena na jicho langu lolote.

"Nyundo, njoo uangalie. Hii ni rangi au ni ufa?"

Nyundo akapiga magoti, akapitisha ukucha. Ukucha ukaingia.

"Ni ufa," akasema. "Umefika nusu."

Dada akainama. Alitazama mstari ule, halafu akanyoosha mkono akagusa mlango wa kiti cha mbele, pale pale juu yake. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, kwa kweli ningepumua. Nikaanza kusema Nyundo atakata chuma chote aweke kipya, na tutafanya yeye akiwa amesimama hapa hapa anaona, hakuna puti, hakuna rangi mpaka fundi wa nje atakayemchagua yeye akague.

"Na likiisha litakuwa salama?" akauliza.

Mdomo ulifunguka kwa lile neno langu la miaka kumi na tisa. Lilikuwa tayari kabisa ulimini.

"Chuma kitakuwa kipya," nikasema. "Lakini gari lililovunjika hapa haliwi tena kama halijavunjika. Utalileta kila miezi sita tulitazame. Likianza kuvuta kushoto, usingoje."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akatoa ufunguo kwenye mkoba, hakuniwekea mkononi, aliuweka juu ya boneti.

"Na wewe miezi sita una miadi," akasema. "Nitakuwa zamu. Utakuja, nitakupiga picha mimi mwenyewe, na kikionekana kitu utaambiwa."

Akaondoka kwa miguu, hakugeuka. Nilibaki na msasa mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu ile Jumanne, niliamini nilichoambiwa.